Wimbo wa Kumpokea Papa Kalume

Nyumba ya shangazi Albertine, huko Mikelenge mjini Kindu, haikujua kunyamaza. Jua halijatoka, tayari watoto wake walikuwa wanagombania ndoo, mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwa anakohoa kwa makusudi ili watu wajue ameamka, na majirani walikuwa wameshaingia kuomba moto. Aliyekuja kuomba moto hakuondoka upesi. Alikaa kwenye kibao, akaulizwa habari za mtaa, akazitoa moja baada ya nyingine, mpaka moto aliouomba ukazima mkononi ikabidi aombe tena.

Katikati ya makelele hayo, Yvette alikuwa peke yake. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, mwenye macho ya kutazama mbali. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, akaosha sufuria za jana. Watu walimwita, walimtuma, walimpa chakula. Lakini hakuna aliyemwita kwa lile jina la utani alilopewa na baba yake, Kichuguu, kwa sababu ya nywele zake. Baba hakuwapo, na hakuna aliyejua aliko.

Walikuwa wakiishi wawili tu, yeye na baba yake Kalume, mchimba dhahabu upande wa Kabambare. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Siku moja asubuhi milio ya bunduki ilisikika kijijini. Baba alikuwa ameshashuka shimoni. Yvette alikimbia na majirani, nguo mwilini basi, wakatembea mpaka Kasongo, na kutoka huko mtu mwema akamleta kwa pikipiki hadi Kindu, kwa dada ya baba yake. Tangu hapo, hakuna simu, hakuna salamu, hakuna mtu aliyesema, "Nimemwona."

Kazi za nyumbani zilipokwisha, Yvette alikwenda kwenye kambi ya vakansi. Kila kiangazi, shule zikishafungwa, mwalimu Emerance alifungua lango la shule yake ili watoto wa mtaa wasishinde wakizurura kando ya mto. Asubuhi walicheza mpira na kuruka kamba, halafu walifundishwa kusuka mikeka, kuimba, na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Jioni kila mmoja alirudi kulala kwao.

Mama Emerance, kama watoto walivyomwita, alikuwa na sheria zake. Watoto walikula kwa makundi, kila kundi sahani moja kubwa, na waliokula pamoja walihesabiwa ndugu mpaka mwisho wa kambi. Sheria nyingine ilikuwa ya mizigo. Alipoonekana langoni na furushi la mboga kichwani, watoto walipaswa kumkimbilia, kumtua, na ndipo wamsalimu.

"Anayetoka safari hapokewi kwa mdomo," alisema kila mara. "Anapokewa kwa mikono. Mtoto anayesalimia mkubwa huku amemwacha na mzigo kichwani, watu watauliza alilelewa wapi."

Sahani ya Yvette ilikuwa na Ramla, msichana aliyeweza kusema tangu lango la shule mpaka mtoni bila kumeza mate. Onema, mvulana mpiga ngoma, ingawa ngoma yenyewe ilikuwa bidoni, dumu kuukuu la mafuta ya mawese. Na Christelle, ambaye ulimi wake ulikuwa na pilipili.

Siku moja, wakiwa wanakula wali na sombe ya majani ya muhogo, Ramla alianza kuhesabu nani atamleta nani kwenye sikukuu ya kufunga kambi. Siku hiyo kila mtoto humvuta mkubwa wake katikati ya duara, na wenzake wa sahani humwimbia wimbo wenye jina lake.

"Miye nitamwingiza mama, lakini akianza kucheza hatatoka tena, mutanisaidia kumuvuta," alisema Ramla. "Onema ataleta babu yake. Na weye Yvette?"

Christelle alicheka kabla Yvette hajafungua kinywa. "Atamuleta nani? Huyu ni mudeplase, amekimbia vita kwao. Wadeplase hawana watu."

Yvette alirudisha tonge la wali kwenye sahani. Alitaka kusema kwamba ana shangazi. Alitaka kusema kwamba ana baba. Lakini baba asiyejulikana aliko ungemwelezaje mtu kama Christelle? Mdomo ulitangulia, kichwa kikabaki nyuma.

"Baba yangu anakuja," alisema. "Anakuja na treni."

Hakuichagua treni bure. Kindu nzima ilijua kwamba treni ilikuwa imekufa njiani, mbali huko ng'ambo ya Kibombo. Wanawake wa sokoni walisema haitafika mpaka mvua zirudi. Wengine waliapa kwamba fundi amekwenda kutafuta chuma cha injini na hajarudi, labda ameoa huko. Yvette aliwaza kwamba kambi itafungwa, sikukuu itapita, na treni itakuwa bado imelala porini. Nani angekuja kumuuliza?

Lakini alisahau kwamba yuko Kindu, na kwamba Ramla ana mdomo. Jioni ile ile Ramla alimwambia mama yake, na mama yake Ramla alikuwa anauza mandazi kando ya barabara ya soko. Kesho yake kila aliyenunua andazi aliondoka na habari ndani yake. Watu wasiomjua Yvette walimsimamisha njiani. "Ndio weye mwenye baba anakuja na treni? Mungu akuongoze, mutoto."

Uongo ulipokwisha kuzaliwa, ulidai kulishwa. Ramla aliuliza baba amevaaje, na Yvette akasema ana kofia ya buluu. Onema aliuliza kama ni mrefu, na Yvette akasema hapana, ni mfupi, lakini kicheko chake kinafika ng'ambo ya mto. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, isipokuwa lile moja la kuja. Na kila walivyozidi kumfurahia baba huyo, ndivyo Yvette alivyozidi kuwa mpweke, maana alikuwa amekaa na wenzake kwenye sahani moja, na hakuna hata mmoja aliyejua yuko wapi hasa moyoni mwake.

Mambo yalimfikia shangazi pia. Alirudi kutoka sokoni akamkuta Yvette anaosha sufuria, akainama karibu naye.

"Yvette, watu wananiuliza kaka yangu anafika lini. Umesikia nini? Nani alikuambia?"

"Sikusikia kitu, shangazi. Ni maneno ya watoto tu."

Shangazi Albertine alibaki ameinama hivyo hivyo. Kisha alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Maneno ya watoto," alirudia polepole. "Basi. Nilikuwa nimeanza kufurahi."

Akaingia ndani. Yvette alisugua sufuria ile ile mpaka ikang'aa, akaendelea kuisugua. Hakuwahi kufikiri kwamba Kalume aliyepotea ni kaka wa mtu vilevile.

Kwenye kambi, Onema na Ramla walikuwa wameshatunga wimbo. Ramla aliimba, Onema akalipiga bidoni lake kwa viganja, na hata Christelle aliitikia, kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu na hakutaka kuachwa nje.

"Papa Kalume, shuka utuone,
kofia ya buluu, shuka utuone,
njia ilikuwa ndefu, mzigo tupatie,
mwanao yuko hapa, shuka utuone."

Yvette aliimba nao. Hakulia. Alikuwa amejifunza kulia bila machozi.

Basi siku moja, sikukuu ikiwa imekaribia, walikuwa wamenawa mikono na kukaa kuzunguka sahani, mara honi ililia upande wa stesheni. Ililia ndefu, nzito, kama ng'ombe aliyefungiwa. Mtaa wote ulilipuka kwa kelele. Wanawake waliacha sufuria motoni. Waendesha pikipiki waligeuza vyombo vyao barabarani.

"Treni!" Ramla aliruka, wali ukamwagika. "Yvette, papa yako! Papa yako amefika!"

Yvette aliinuka pamoja nao. Yaya Aimé, yaani kaka Aimé, kijana aliyemsaidia Mama Emerance kuangalia watoto, alijaribu kuwapanga mistari. Mama Emerance mwenyewe alikuwa ametoka kidogo kwenda kutafuta kuni.

"Sahani ya Yvette peke yake!" alipiga kelele Yaya Aimé. "Wengine mubaki! Nasema mubaki!" Hakuna aliyebaki. Yaya Aimé alikimbia nao ili angalau awe mbele yao.

Stesheni ilikuwa imefurika. Watu walikuwa juu ya mabehewa, madirishani, mlangoni, na chini kulikuwa na magunia, mbuzi, mabidoni ya mafuta, magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Kila mtu alikuwa anaita jina la mtu. Ramla alianza wimbo, Onema akapiga, watoto wa kambi wakaitikia kwa nguvu mpaka watu wakageuka kutazama na kucheka.

"Ni yupi?" Ramla alimvuta Yvette mkono. "Onyesha! Ni yupi?"

Yvette alikuwa anatazama. Alijua hayupo, na bado alikuwa anatazama, behewa kwa behewa, uso kwa uso. Ndipo akaona mgongo wa mtu mfupi anayeshuka kwa kinyumenyume, furushi zito kichwani, na kofia. Kofia ya buluu. Mkono wake uliinuka wenyewe. Baadaye hakuweza kusema kama ulikuwa mkono wa uongo au wa matumaini.

"Yule!" alipiga kelele Ramla.

Onema alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Alitupa ngoma, akapenya kati ya watu, na kabla ya salamu yoyote akamtua yule mtu furushi lake, akageuka kulipeleka kwa Yvette mbio.

"Mwizi!" Mtu yule aligeuka. Uso haukuwa wa baba. Ulikuwa uso mpana, wenye ndevu, uliojaa hofu ya mfanyabiashara anayeona mali yake inakimbia. "Mwizi! Mushikeni! Nguo zangu!"

Neno hilo kwenye umati ni kama kibiriti kwenye majani makavu. Askari wa reli alimkamata Onema kwa ukosi wa shati. Mtu mwingine alimpiga kofi. Mwingine alisema, "Ndio kazi yao hawa! Wanajifanya kuimba!" Bidoni la ngoma lilikanyagwa likabonyea. Yaya Aimé alisukumwa huku na huku, sauti yake ikamezwa na sauti za wengine.

"Si wizi!" Onema alilia. "Nilikuwa namupokea! Ni papa ya Yvette! Yvette, sema! Waambie!"

Watu wakafungua nafasi, na Yvette akajikuta mbele ya wote. Nyuma yake njia ilikuwa wazi. Angeweza kurudi nyuma hatua chache akapotea kati ya magunia, na kesho asionekane tena kambini. Alimwona Christelle anamtazama. Alimwona Ramla ameziba mdomo kwa mikono miwili. Halafu alimwona Onema, shavu limevimba, bado anamwangalia yeye kwa imani yote, akingoja atoe neno.

Yvette alikwenda mbele akamshika askari mkono.

"Mwachilie, tafadhali. Yeye hana kosa. Huyu si baba yangu. Nilidanganya." Akapandisha sauti. "Niliwadanganya wote! Baba yangu haji na treni. Sijui baba yangu yuko wapi. Tulikimbia vita, yeye alikuwa shimoni, sikumwona tena. Nilimwonyesha papa huyu kwa sababu ya kofia. Kama ni kupiga, munipige miye."

Askari alilegeza vidole. Aliyepiga kofi alitazama viatu vyake. Mwanamke mmoja mwenye bidoni la mafuta alisema kwa sauti ndogo, "Masikini, mutoto wa watu."

Hapo ndipo Mama Emerance alipofika, kitenge kimelegea kwa kukimbia, vumbi la kuni bado mikononi. Kwanza alimchukua Onema akamtazama shavu. Akamwomba radhi mwenye furushi, ambaye aliitwa Papa Mwamba na alitoka Kongolo kuuza nguo. Halafu akakaa kwenye gunia la mtu bila kuuliza ni la nani, akamvuta Yvette asimame mbele yake. Wenzake wa sahani walijikusanya karibu.

"Unaniogopa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Usiogope. Sikiliza. Wakati wa vita vile vya zamani, nilikuwa mdogo kuliko weye. Reli ilikatika. Hakuna treni iliyoingia Kindu wala kutoka. Kaka yangu mkubwa alipotea. Mama yangu, kila alipoulizwa, alijibu, 'Yuko Kalima, hajambo.' Hakutaka kuonewa huruma. Kando yake sokoni alikaa mama mmoja, muuza chumvi. Huyo mama alikuwa amemwona kijana mgonjwa huko Kailo, anafanana na kaka yangu kabisa. Lakini angesemaje? Mwenye mtoto mwenyewe anasema yuko Kalima. Walikaa hivyo meza kwa meza, wanakopeshana moto na maji, mmoja ana swali na mwingine ana jibu. Siku mama alipochoka akasema ukweli, tulikwenda Kailo tukamkuta. Alikuwa hai. Ila mguu ulikuwa umeharibika kwa kukosa dawa, na mpaka leo anachechemea."

Alimfuta Yvette uso kwa kiganja, akamwachia alama ya vumbi.

"Uliposema baba yuko njiani, ulifikiri umejificha weye. Ulimficha na yeye. Nani atamtafuta mtu ambaye Kindu nzima inasema anakuja? Ukweli wako ulikuwa unakuumiza, najua. Lakini ndio peke yake ungeweza kutuita tukusaidie. Na ukumbuke uongo wako ulitaka kumpeleka nani kifungoni. Haukukupeleka weye. Ulimpeleka rafiki yako mwema kuliko wote."

Yvette aligeuka kwa Onema. "Nisamehe."

"Shavu si kitu," alisema Onema. "Lakini ngoma yangu, eh! Utaniletea bidoni lingine."

"Na miye nilianza," Christelle alinong'ona, akitazama chini. "Nilisema hauna watu. Ile nayo ilikuwa uongo."

Papa Mwamba alikuwa amesimama muda wote huo, furushi miguuni. Alikohoa. "Huyu baba, jina lake kamili nani?"

"Kalume. Mchimbaji. Wa upande wa Salamabila, huko Kabambare."

"Simjui, nisikudanganye. Lakini kwetu Kongolo kuna watu wengi wa upande huo, walikimbilia kwetu. Wanakaa nyuma ya kanisa. Nikiuza nguo zangu nitarudi na treni hii hii. Nitauliza." Akalitazama furushi, akawatazama watoto. "Na huo wimbo munaujua vizuri? Muniimbie tena, nisisahau jina. Halafu munipokee mzigo wangu sasa, lakini polepole, bwana! Moyo wangu si wa chuma."

Onema alishika upande mmoja, Yvette upande mwingine. Watu wakacheka, hata yule askari.

Jioni ile Yvette alimwambia shangazi yote, tangu mwanzo. Shangazi Albertine alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu Yvette aijue nyumba ile, majirani nao walinyamaza.

"Kumbe miye si mutu?" shangazi aliuliza mwishowe. "Mutoto wa kaka yangu anakosa wa kumwingiza kwenye duara, na miye niko hapa naweza kucheza kuliko mama yake Ramla?"

Siku ya sikukuu alicheza kweli. Alicheza mpaka kitenge kikataka kumtoka, na mama yake Ramla, kwa wivu, akaingia tena bila kuitwa. Yvette alipokuwa katikati ya duara na shangazi, baba yake bado hakuwapo, na kutokuwapo kwake kuliuma vile vile. Lakini sasa kila aliyekuwa pale alijua linalomuuma.

Walikuwa bado wanakula, mikono yote kwenye sahani moja, honi ilipolia tena. Treni ilikuwa inarudi. Safari hii hata Yaya Aimé hakujaribu kupanga mistari. Walikimbia mpaka reli inapopita karibu na nyumba za mwisho, Onema na bidoni jipya, shangazi Albertine viatu mkononi, na mabehewa yalipoanza kupita polepole wakaimba. Kwenye dirisha moja kofia ya buluu ya Papa Mwamba ilipungwa, na abiria wengine, wasiojua habari yenyewe, wakauliza na kuambiwa, wakaanza kuitikia. Wimbo ukaondoka na treni kuelekea Kibombo, jina la Kalume likiwa kwenye vinywa vya watu wasiomjua.

"Kichuguu," alisema shangazi, akimshika Yvette kichwa. "Si baba yako alikuwa anakuita vile? Twende nyumbani. Majirani wanangoja habari."